Fataki Ndani ya Kopo la Maziwa

Da Kabibi amefariki, na nyumba ya msiba huko Bertrams iliniita niseme maneno mawili juu yake, kwa kuwa niliwahi kufanya naye kazi. Aliyenipigia simu ni binti yake, Nadège. Mtoto huyu amezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Aliniomba niseme kitu kifupi, cha kumsifu mama yake. Nikasimama katikati ya sebule iliyojaa viti vya plastiki, nikasema marehemu alikuwa mtu msafi, mpangaji wa vitu, mcheshi, mpole kwa wageni. Watu wakaitikia, nikaketi. Yote yalikuwa kweli, lakini nilijua nimelizunguka jambo lenyewe kama dereva anavyozunguka shimo barabarani. Nilifika kwangu, mtaa wa La Rochelle, likiwa bado kifuani, nikamwambia mke wangu sitaki chakula, nikatafuta karatasi.

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wengine huzaliwa na kipaji cha kuimba. Mimi nilizaliwa na kipaji cha kuona balaa kabla halijafika, na mara nyingi halifiki kabisa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa kijana, mgeni mjini, na woga huo ulikuwa umepata pa kulala. Tulipanga nyumba moja La Rochelle iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba, kila chumba na watu wake. Upande wa kulia kulikuwa na mume na mke wa Msumbiji waliogombana kwa Kireno na kupatana kwa Kireno, nami nilijifunza kutofautisha kwa sauti tu. Upande wa kushoto alikaa da Kabibi, mama wa Lubumbashi, mjane, na Nadège akiwa bado ananyonya. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikikohoa yeye alisema pole. Jiko lilikuwa moja na sufuria zilikuwa mbili, yangu na yake, kwa sababu yeye alipika nyama ambazo mimi siwezi kula. Alinicheka kwa hilo kila siku, na kila siku alihakikisha mwiko wake haugusi sufuria yangu. Siku za sombe tulikula pamoja, maana majani ya muhogo hayana dini.

Jambo moja la jikoni kwake linanibidi nilieleze. Hakuna kitu kilichokaa katika chombo chake cha kwanza. Sukari ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chumvi kwenye kopo la kahawa, sindano na nyuzi kwenye kopo la biskuti. Mfuko wa karatasi kwake ulikuwa adui: unapasuka, unaingiza mende, unamwaga vitu. Kitu chema hutiwa koponi kikafunikwa. Mama yangu kule Tanga alikuwa vivyo hivyo, na nadhani nusu ya wanaosoma hapa wamewahi kufungua kopo la biskuti kwa hamu wakakuta vifungo vya mashati.

Da Kabibi ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye alikuwa amekwisha kuizoea, kwenye karakana iliyokuwa kwenye shamba ng'ambo ya Midrand, kwa bwana mmoja aliyeitwa Deon. Nyumbani tungemwita Kaburu, neno ambalo mbele yake sikulithubutu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye leseni ya kutengeneza upya risasi za marisau, zile za vipunje vingi, kwa ajili ya wanachama wa uwanja wa shabaha uliopakana na shamba lake. Kazi yenyewe inaelezeka upesi. Wapiga shabaha hurushiwa sahani za udongo hewani, nao huzifyatulia. Wakimaliza, maganda ya plastiki yenye kitako cha shaba hubaki majanini. Sisi tuliyaokota, tukayasafisha, tukang'oa fataki iliyokwisha kulia, tukapachika mpya, kisha mashine ikatia baruti, kizibo cha plastiki na marisau, ikakunja mdomo wa ganda. Kwetu fataki ni ya watoto siku ya Idi. Hii ya Deon ni kikofia cha chuma chenye ukubwa wa punje ya hindi. Bunduki hukigonga, hutoa moto, na moto ule ndio unaowasha baruti.

Siku yangu ya kwanza Deon alinikalisha kwenye kiti, akanieleza habari za fataki tu, asubuhi nzima, mpaka chai ikapoa. Alisema fataki zote za bunduki ya marisau hupewa namba moja, zote huingia tundu moja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ya kiwanda hiki ina moto mkali, ya kiwanda kile ina moto wa upole. Nyingine ni nene kidogo sana, jicho halioni, lakini ukiipachika inatanua tundu la ganda, na siku ukirudisha ile nyembamba, inalegea na kuvuja moshi. Kila mchanganyiko wa baruti na marisau umepimwa na fataki yake. Ukitia kali mahali pa pole, nguvu inazidi, bunduki inaumia. Ukitia pole mahali pa kali, baruti haiwaki sawasawa, na hilo aliliogopa zaidi. Nilimuuliza kwa nini aogope risasi dhaifu. Akanieleza kwamba risasi dhaifu hulia pu, kama mto wa kulalia ulioangushwa sakafuni, na kizibo kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji hudhani amekosa tu, anatia nyingine, anafyatua. Mtutu ulioziba hupasuka. Na kwenye mtutu, alisema, ndipo mkono wa kushoto hukaa.

Basi hapo woga wangu ukapata chakula cha mwaka mzima. Nililala nikiisikia pu ukutani, kumbe ni jirani anavua viatu. Kila kisanduku nilichofunga nilikifungua tena. Da Kabibi aliniambia nitazeeka kabla ya ndevu kuota. Yeye alifanya kazi kwa mikono myepesi, akiimba nyimbo za kanisani kwao, na hakuwahi kuharibu ganda hata moja mbele yangu. Alizijua risasi za kila mwanachama kwa rangi ya ganda. Sheria nyingine ya Deon, kwamba fataki isitoke katika kisahani chake cha karatasi chenye jina la kiwanda mpaka inapoingia mashineni, aliifuata kwa kunung'unika, maana visahani vile vilikuwa karatasi dhaifu, vya kuchanika, na wewe sasa unajua alivyoichukia karatasi.

Mwaka ule fataki ziliadimika. Sikuelewa sababu, Deon alisema meli, akasema vita, akasema kila mtu ananunua na kuficha. Zamani aliagiza aina moja kwa wingi. Sasa alileta kidogo kutoka huku, kidogo kutoka kule, na rafu yetu ikajaa visahani vya viwanda mbalimbali, vingine vimebaki nusu, vingine robo. Kila asubuhi alitueleza leo ni aina gani na mchanganyiko gani, na alikuwa akibadilisha kipimo cha baruti mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mtu kwa simu kwamba halali vizuri. Nilifarijika kidogo kujua kwamba tuko wawili.

Deon alikuwa na binti mmoja tu, Annelie, bado mwanafunzi, mpigaji hodari kuliko wanaume wengi wa uwanja ule. Baba yake alimtengenezea risasi nyepesi zisizomwumiza bega, zenye baruti inayowaka polepole, na kwa hiyo zilihitaji fataki ya moto mkali. Annelie akitoka shule alikuja karakanani, akavuta kiti, akala sombe ya da Kabibi kwa vidole kama mtu wa Katanga. Kabla ya mashindano da Kabibi alimsuka nywele ziingie vizuri chini ya kofia. Walikuwa wakizungumza Kiingereza kibovu cha mmoja na Kiswahili kibovu cha mwingine, wakacheka mpaka mimi nikaona wivu.

Ijumaa moja ya baridi kali, Deon alikwenda Pretoria kwa shughuli za leseni. Alituachia maelekezo: malizeni risasi za Annelie, tumieni visahani hivi vilivyo mezani, vingine viacheni rafuni. Adhuhuri nikaenda msikitini Midrand, kama alivyokuwa ameniruhusu kila Ijumaa. Niliporudi da Kabibi alikuwa ameshafunga kisanduku cha Annelie, meza inang'aa, naye anajifunga kanga tuwahi usafiri. Nilimsifu kwa kuwahi. Sikuona kingine.

Jumamosi tulifika na umande umeganda majanini, nyasi nyeupe, pumzi zinatoka kama moshi. Da Kabibi akaweka birika la chai. Nikaenda rafuni kuchukua fataki za kazi ya siku ile, nikakuta rafu tupu na safi, imepanguswa, na katikati yake kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Nilipolinyanyua lilikuwa zito, na ndani vitu vikateleza kwa mlio wa mchele. Nikalirudisha taratibu, vile mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Deon alikuwa ametuambia fataki zikiwa huru mahali pamoja zinagongana, na ikilia moja huenda zikalia zote. Nikamwita da Kabibi, nikamuuliza kopo hili lina nini. Akaja na kikombe mkononi, anatabasamu.

"Zile karatasi zilikuwa zinapasuka-pasuka, mdogo yangu. Nikatia zote mu kopo moja. Sasa iko propre, iko safi."

Nikamuuliza alizitia lini, na alikuwa anatabasamu bado aliposema jana, nilipokuwa msikitini. Kisahani kimoja kilimchanikia mkononi, zikamwagika, akaziokota. Akaona heri azihifadhi zote namna ya watu wenye akili. Za rafuni na za mezani. Kwani zote si namba moja? akaniuliza. Nikamuuliza risasi za Annelie alizitengeneza kabla ya kopo au baada. Tabasamu likamtoka. Akaweka kikombe chini, akakosea meza, kikavunjika, na wala hakukitazama.

Nikachungulia koponi. Zilikuwa zote za rangi moja, ngumu, zinang'aa. Ningeweza kuzitazama mpaka magharibi nisijue ipi ni ipi. Nikakimbilia kabatini kwenye risasi za Annelie, kisanduku hakipo. Deon alikuwa amekichukua alfajiri, maana siku ile binti yake alikuwa na mazoezi. Nikampigia simu, ikaita mpaka ikakata. Uwanjani simu huachwa kwenye magari. Wakati naipiga tena, da Kabibi alinishika mkono wa koti. Hakuwahi kunishika kabla ya siku ile.

"Usiambie patron. Minaomba. Nitaenda mi mwenyewe, nitasema nilisahau kitu, nitabeba ile boksi. Nikikosa hii kazi, Nadège atakula nini?"

Niseme kweli, nilimwelewa. Tulijua wote wawili mtu wa makaratasi kama yetu akifukuzwa anaanzia wapi. Nikamwambia twende kwanza, maneno baadaye. Tukatoka bila kufunga mlango. Kutoka karakanani hadi uwanjani kuna njia ya gari inayozunguka hadi getini, na kuna kijia cha kukata shambani kinachoishia kwenye waya wa uzio. Tulishika kijia. Nyasi zilizoganda zilikuwa zinavunjika miguuni. Tukasikia mlio wa kwanza, mkavu, mzima, kama kawaida. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Ukaja wa pili, mzima. Da Kabibi alikuwa anaomba kwa lugha ya kwao, nami naomba kwa yangu, na wote tunakimbia. Tulikuwa tumeshawaona: Deon amesimama nyuma na mashine ya kurushia sahani, Annelie mbele yake na bunduki yake ya mtutu mmoja begani, wote wawili wameziba masikio kwa vile vikombe vikubwa vya kukinga kelele. Sahani ikaruka. Na hapo nikaisikia.

Pu.

Sahani ikaenda zake nzima, ikaanguka mbali. Annelie akatikisa kichwa, akaikunja bunduki, ganda likaruka nje, akatia mkono mfukoni kutafuta jingine. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Deon alikuwa ameinama anaweka sahani nyingine, ametupa mgongo. Hawakusikia, na wasingeweza kusikia. Nikageuka kukimbilia getini nikamfikie Deon kwa nyuma, na nilipopiga hatua tatu nikajua sitafika. Niliogopa siku ile woga ambao ule wa kila siku haukuwa hata binamu yake.

Da Kabibi hakugeuka. Alijitupa chini ya waya, kanga ikabaki imenasa, akainuka upande wa pili na blauzi imechanika, akakimbia. Hakumkimbilia Deon. Alikimbia moja kwa moja hadi mbele ya bunduki, uwanjani, kule ambako hakuna mtu anayeruhusiwa kukanyaga, akasimama hapo na mikono ameitandaza. Annelie alikuwa ameshainua bunduki begani. Nilimwona msichana akishituka, akaushusha mtutu chini, na Deon akageuka, akavua vikombe vya masikio, akaanza kufoka kwa Kiafrikaans. Da Kabibi hakusogea. Alisema kwa Kiingereza chake kile kile kibovu, kwa sauti iliyonifikia hadi kwenye uzio, kwamba ni yeye aliyechanganya fataki, yeye peke yake, na mtutu umeziba.

Nilipofika Deon alikuwa ameshaichukua bunduki mkononi mwa binti yake na kutoa risasi iliyokuwemo. Aliielekeza juu akachungulia kutoka nyuma, pale ambapo hutakiwa kuona kiduara cha mbingu. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akampa da Kabibi.

"Tazama," alimwambia. "Unaona nini?"

"Giza," akajibu.

Deon akachukua ufito wa mbao garini, akausukuma mtutuni taratibu, na kizibo cha plastiki kikaanguka kwenye nyasi nyeupe, kitu kidogo kama kofia ya chupa, kimeungua upande mmoja tu. Annelie akakitazama. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amemshika mkono wa kushoto kwenye kifundo na hakuwa anauachia. Ndipo msichana akaelewa, na aliyemkumbatia ni da Kabibi, kwa sababu Deon hakuweza. Deon alikwenda nyuma ya gari. Tulimsikia akilia, na mimi nikajifanya naokota maganda.

Jumatatu tulizikata risasi zote za kisanduku kile, moja moja, na Deon akazipanga fataki juu ya kitambaa cheupe. Akamwambia da Kabibi atenganishe kali na pole. Da Kabibi akatazama, akasema hawezi. Deon akaniambia mimi, nikasema siwezi. Akavaa miwani, akaziinamia mwenyewe kwa muda, akasema naye hawezi, na hakuna anayeweza, na ndiyo sababu ya kisahani. Hakupaza sauti. Alisema hawezi tena kumwacha da Kabibi mezani pale, ila kuna kazi ya usafi ofisini kama ataitaka. Nilidhani da Kabibi ataikubali kwa mikono miwili. Si ndiyo aliyoililia? Alishukuru, akavua aproni, akaikunja vizuri. Njiani aliniambia hawezi kukaa mahali ambapo kila mlio utamfanya ahesabu vidole vya mtoto wa mwenzake. Nilitaka kumwambia kwamba hivyo ndivyo mimi ninavyoishi siku zote, lakini nikaona si wakati wa utani. Mwezi haukuisha akahamia Bertrams, akaanza kusuka nywele za watu barazani, baadaye akapata saluni. Mimi nilibaki karakanani muda mrefu, na sikumpata tena wa kunicheka.

Yote hadi hapa niliyaandika usiku wa matanga, na haya ya mwisho nayaongeza baada ya mazishi. Kesho yake tulizika. Wanaume wa kwao walishika masepetu wakapokezana, vumbi likapanda, wanawake wakaimba. Katikati ya kuzika, mwanamke wa Kizungu mwenye koti jeusi akapita kati ya watu, na nikasikia wakinong'onezana ni nani, pengine ni mtu wa bima. Mimi nilimjua kwa nywele, zilikuwa zimesukwa. Hakumsalimia mtu. Akamnyoshea mikono kijana aliyekuwa karibu, akapewa sepetu, akaishika, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, akatia udongo, akatia tena, na tena. Kijana alipotaka kumpokea, Annelie hakuiachia.